Bénédictus: Mchoraji aliyebuni kioo cha gari kisichomwagika

Pikapu inayoteremka alfajiri kutoka Marangu ikiwa na mikungu ya ndizi haina safari ndefu kufika njia panda ya Himo, lakini hapo ndipo balaa nyingi huanzia. Inaingia barabara kuu pamoja na magari yatokayo Holili mpakani na yale yanayokwenda Dar es Salaam, na kati yake yamo malori ya mchanga na kokoto ambayo si yote hufunikwa turubai. Kokoto moja inarushwa na tairi, inagonga kioo cha mbele kwa mlio wa kushtua, na mbele ya macho ya dereva inabaki nyota ndogo yenye miguu. Dereva anaguna, anapitisha kidole kwa ndani kuona kama kioo kimetoboka, anakuta bado ni laini, anaendelea na safari. Ndizi zinafika sokoni.

Kwamba dereva huyo hakumwagikiwa vipande vya kioo usoni ni kazi ya Mfaransa mmoja ambaye hakuwa fundi wa magari wala mwenye kiwanda cha vioo. Jina lake Édouard Bénédictus, na alijulikana zaidi kwa kuchora maua na mapambo ya vitambaa. Alifariki mwaka 1930, lakini ubunifu wake ndio hadi leo unaoamua kama kampuni ya bima italipia kuziba kitundu kwa kazi ya chini ya saa moja, au italipia kioo kizima, au mwenye pikapu atabaki akitoa fedha mfukoni mwake.

Bénédictus alizaliwa Paris Juni 29, 1878. Wakati huo gari la petroli lilikuwa bado halijatengenezwa. Alipokua alishika kazi ya uchoraji na usanifu wa mapambo: majalada ya vitabu ya ngozi, michoro ya mazulia, vitambaa vya pazia na vya kufunikia viti. Hata hivyo alikuwa na upande wa pili ambao wachoraji wengi hawana. Alipenda kemia, na alikuwa na maabara ambamo chupa za dawa za kila aina zilipangwa kwenye rafu hadi juu. Watu wa namna hii, wenye mguu mmoja huku na mwingine kule, mara nyingi huonekana hawana msimamo. Kwa Bénédictus, kukosa msimamo huko ndiko kulikozaa matunda.

Mwaka 1903, akiwa na umri wa miaka 25, alipanda kuchukua kitu kwenye rafu ya juu akaiangusha chupa ya kioo. Ilifika sakafuni kwa kishindo. Aliposhuka kuokota vipande alikuta hakuna vipande vya kuokota. Chupa ilikuwa imejaa nyufa kila upande, lakini imeshikamana, na umbo lake halijabadilika. Alipoichunguza alikumbuka kwamba zamani iliwahi kuwekwa selulosi nitrati, dawa inayotokana na pamba iliyotiwa tindikali kisha ikayeyushwa. Kilichokuwa kimiminika kilikauka kikaisha, na ndani ya chupa ukabaki utando mwembamba usioonekana kwa macho. Utando huo ndio ulioshika kioo.

Wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa wangefurahi kusikia kwamba zao lao lilikuwa na mkono katika jambo hili. Bénédictus mwenyewe hakuona biashara yoyote. Aliandika maelezo kwenye karatasi, akaibandika kwenye chupa, akairudisha kwenye rafu na kuendelea na michoro yake.

Wakati huo magari yalianza kuwa mengi katika mitaa ya Paris, na vioo vyake vya mbele vilikuwa vioo vya kawaida kama vya dirisha la nyumba. Gari likigonga, kioo kilipasuka kwa vipande virefu vyenye ncha, na vipande hivyo ndivyo vilivyokata nyuso, shingo na mikono ya waliokaa mbele. Mara nyingi mgongano wenyewe ulikuwa mdogo lakini majeraha yakawa makubwa. Inasimuliwa kwamba ni kwa kusoma habari za ajali hizo magazetini, kila mara zikitaja waliokatwa na vioo, ndipo Bénédictus alipoikumbuka ile chupa yenye karatasi. Alirudi maabara akaanza kufanya majaribio ya kubana utando kati ya vioo viwili.

Hakuwa wa kwanza kuwaza jambo hilo. Nchini Uingereza mwanasheria mmoja wa mji wa Swindon, John Wood, alishasajili mwaka 1905 kioo cha mbele cha gari chenye tabaka zilizogandishwa kwa utomvu wa mti. Wazo lilikuwa sahihi, lakini bidhaa haikushika soko. Bénédictus alisajili hakimiliki yake mwaka 1909, miaka sita baada ya chupa kuanguka. Muundo ulikuwa rahisi kueleza: kioo, utando wa seluloidi, kioo tena, vyote vimebanwa pamoja kwa nguvu. Kwa kuwa tabaka zilikuwa tatu, akakiita Triplex.

Hapa inafaa kutua kidogo, maana ndipo ilipo siri ya nyota iliyobaki kwenye kioo cha pikapu ya Marangu. Kioo cha mbele cha gari la leo bado kimejengwa kwa mtindo ule ule wa tabaka tatu. Kokoto inapogonga, kwa kawaida huvunja tabaka la nje peke yake. Utando wa kati haujaguswa na kioo cha ndani kizima, na ndiyo maana dereva akipapasa kwa ndani hasikii kitu. Kwa sababu hiyo fundi anaweza kuliziba tundu. Huvuta hewa na unyevu uliomo, husukuma ndani yake gundi nyepesi mithili ya maji, kisha huikausha kwa taa maalumu ya miale au kwa jua. Alama kidogo hubaki, lakini ufa hauendelei mbele. Kazi hiyo ilianza kufanywa kibiashara katika miaka ya 1970, na bila tabaka tatu za Bénédictus isingewezekana.

Vioo vya milangoni ni habari nyingine. Katika magari mengi hivyo ni kioo kimoja kilichopashwa moto sana kisha kikapozwa ghafla. Kikipigwa kinageuka punje ndogo kama za mahindi, na hakuna fundi wa kuziba punje. Ni kubadilisha tu.

Kampuni ya Bénédictus, Société du Verre Triplex, ilianzishwa mwaka 1911. Ni mwaka ule ule ambao reli ya Wajerumani kutoka Tanga ilifika Moshi, na mizigo ya mlimani ikaanza kuteremka pwani kwa treni. Magari hayakuwa yakifikiriwa sana huku. Huko Ulaya, ambako yalifikiriwa, wenye viwanda vya magari walimsikiliza Bénédictus kwa heshima na kukataa kununua. Kioo chake kilikuwa kizito zaidi, kilichukua muda kutengeneza, na zaidi ya yote kilikuwa ghali. Watengenezaji walikuwa wakishindana kushusha bei ya gari. Usalama wa abiria waliuona kama jukumu la dereva na si la kiwanda, na mnunuzi naye hakuuliza. Mwaka 1912 kampuni ya Triplex ilifunguliwa Uingereza kwa kutumia ubunifu wake, nayo haikupokewa kwa shangwe.

Kilichobadilisha mambo ni vita. Kuanzia mwaka 1914 majeshi ya Ulaya yalihitaji miwani ya marubani, na gesi ya sumu ilipoanza kutumika yalihitaji vinyago vyenye vioo vya macho ambavyo visingevunjika na kumpofua askari. Kioo cha tabaka tatu kikapata mteja asiyeuliza bei. Vita hiyo hiyo ilipita Kilimanjaro pia. Waingereza waliingia Moshi Machi 1916, baada ya mapigano upande wa Taveta. Ilipokwisha mwaka 1918, viwanda vya Triplex vilikuwa vimejifunza kutengeneza kwa wingi, na bei ikaanza kushuka.

Bénédictus hakukaa kusubiri mauzo. Katika miaka ya 1920 alirudi kwa nguvu kwenye kazi yake ya kwanza. Mwaka 1924 alitoa albamu ya michoro ya mapambo, Variations, ambayo wafumaji na wachapaji wa vitambaa waliitumia kama kitabu cha mfano, karibu kama fundi cherehani wa Mbuyuni anavyomfunulia mteja picha za mishono achague. Maua yake yalikuwa ya rangi kali, yamekatwa kwa mistari ya duara na pembe, na kila rangi ilipakwa kwa mkono kupitia kiolezo kilichotobolewa. Mwaka 1925 vitambaa alivyochora vilionyeshwa katika maonyesho makubwa ya sanaa za mapambo mjini Paris, yale yaliyouupa jina mtindo mzima wa zama hizo. Mwaka huo huo wakulima wa kahawa wa Kichaga walianzisha chama chao cha kwanza, ambacho baadaye, mwaka 1933, kiligeuka kuwa KNCU. Hakuna uhusiano kati ya mambo hayo mawili, ila malori ambayo baadaye yalibeba kahawa hiyo yalikuja kuwa na kioo cha mtu huyo.

Heshima kubwa ya kibiashara ilikuja kutoka Marekani. Desemba 1927 kampuni ya Ford ilitoa gari lake jipya, Model A, na kioo chake cha mbele kilikuwa cha usalama tangu kiwandani bila mnunuzi kuongeza fedha. Ford aliuza magari hayo kwa mamilioni. Kitu kilichokataliwa kwa miaka 15 kwa sababu ya bei sasa kikawa cha kutangazia gari. Bénédictus aliiona siku hiyo, lakini hakuishi nayo kwa muda mrefu. Alifariki Paris Januari 28, 1930, akiwa na umri wa miaka 51. Albamu yake ya mwisho, Relais, ina tarehe ya mwaka huo wa kifo.

Miezi michache baadaye likatokea jambo ambalo kila mwenye gari anapaswa kulijua, kwa kuwa linahusu ahadi iliyoandikwa kwenye karatasi. Mteja mmoja katika jimbo la Washington, Marekani, alinunua Model A kwa wakala mwezi Mei 1930. Vitabu vya matangazo alivyopewa vilisema kioo cha mbele ni Triplex na kwamba hakirushi vipande hata kikipata pigo kali. Oktoba mwaka huo, akiendesha katika barabara ya milimani, gari lililopishana naye lilirusha kokoto. Kioo kilivunjika, vipande vidogo vikamwingia katika jicho la kushoto, na jicho likapotea.

Alishtaki. Kiwanda kilijitetea kwamba hakikuwa na mkataba naye, kwani gari alinunua kwa wakala. Mwaka 1932 mahakama ya juu ya jimbo ilikataa utetezi huo. Ilisema mnunuzi wa kawaida hana uwezo wa kupima kioo mwenyewe, kwa hiyo aliyeandika sifa za kioo kwenye tangazo anawajibika kwa maneno yake. Kesi hiyo imefundishwa kwa wanafunzi wa sheria kwa miongo mingi. Ilianza na kokoto moja, barabara ya mlimani.

Kioo cha siku zile kilikuwa na kasoro zake. Seluloidi ilibadilika kuwa ya manjano ikipigwa na jua, na unyevu uliingia pembeni ukaacha mawingu meupe. Mwishoni mwa miaka ya 1930 viwanda viliachana nayo na kuanza kutumia utando wa plastiki wa aina nyingine, polivinili butirali, ambao hautii manjano kirahisi na huvutika kama mpira kichwa kinapogonga. Huo ndio uliomo katika magari yaliyopo barabarani leo, yakiwemo yale yaliyotumika yanayoingizwa kutoka Japani. Kilichobaki kwa Bénédictus ni wazo lenyewe, na linatosha.

Turudi Himo. Mwenye pikapu akishafika nyumbani jioni na kuiona nyota yake kwa utulivu, swali la kwanza analojiuliza ni kama bima italipa. Jibu linategemea alikata bima gani, na hapa wengi hupata mshangao usiopendeza.

Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamlazimu kila mwenye gari kuwa na bima dhidi ya mtu wa tatu, ile ambayo mitaani huitwa bima ndogo. Lengo la sheria hiyo ni kumlinda mtu mwingine: aliyegongwa, aliyeumia au familia ya aliyekufa kwa sababu ya gari lako. Kioo chako wewe hakimo. Trafiki akikusimamisha akakuta bima ndogo ni halali utaruhusiwa kwenda, lakini bima hiyo hailipi hata shilingi moja kwa nyota iliyo mbele ya macho yako. Iko pia bima ya kati, ya mtu wa tatu pamoja na moto na wizi. Nayo kwa kokoto haisaidii.

Kinachosaidia ni bima kubwa, inayokinga pia gari lenyewe. Hata humo, kioo mara nyingi huwa na kifungu chake peke yake chenye kikomo chake cha fedha. Kampuni huandika kwamba kikivunjika kioo cha mbele, au vioo vya madirisha, bila gari kupata madhara mengine, italipa hadi kiasi fulani. Kiasi hicho kinatofautiana kutoka kampuni moja hadi nyingine, na ndicho kinachopaswa kuulizwa kabla ya kulipa ada, si baada ya kioo kuvunjika. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Kama kikomo ni Sh300,000 na kioo pamoja na ufundi ni Sh450,000, Sh150,000 zinazobaki ni za mwenye gari. Kikomo kinaweza kuongezwa kwa kulipa ada zaidi kidogo, na kwa gari ambalo kioo chake ni cha kuagiza kutoka mbali, nyongeza hiyo huwa na maana.

Faida ya kifungu hicho ni kwamba katika mikataba mingi dai la kioo peke yake halimharibii mteja punguzo analopewa kwa kukaa mwaka mzima bila kudai. Pia kampuni nyingi hazikati katika dai hilo ile sehemu ya kwanza ya hasara ambayo kwa ajali nyingine mwenye gari hujibebea mwenyewe. Maneno haya mawili, punguzo na sehemu ya kwanza, yanafaa kutafutwa kwenye mkataba na kusomwa kwa wakala mbele ya mteja. Wakala mzuri hatakasirika. Lakini kama kioo kilivunjika gari lilipopinduka au kugongana, dai linaingia katika hasara ya gari zima, na masharti yake ni hayo ya ajali.

Yapo mambo yanayoliua dai kabla halijafika mezani. Kubwa kwa wafanyabiashara wadogo ni matumizi ya gari. Pikapu iliyokatiwa bima kama gari la binafsi, kisha ikawa inabeba ndizi za watu kwa malipo kutoka Mwika na Rombo, imetoka nje ya mkataba. Ada ya gari la biashara ni kubwa zaidi, na kishawishi cha kuandika binafsi kinaeleweka. Lakini siku ya dai, kampuni itauliza gari lilikuwa limebeba nini na kwa nani, na jibu la kweli litamponza mwenye gari. La pili ni kukimbilia kwa fundi kwanza na kuitaarifu bima baadaye. Kampuni kwa kawaida hutaka kuona kioo kilichovunjika, au picha zake, na kukubali bei kabla kazi haijaanza. Kioo kikishatupwa jalalani hakuna cha kukagua. Baadhi hutaka pia taarifa ya polisi hata kwa kioo tu, nyingine hazitaki. Ni vyema kuuliza siku ya kukata bima.

La tatu ni kuchelewa, na hapa mlima wenyewe una mchango. Magari ya Kilimanjaro hupandishwa na kuteremshwa katika hali za hewa zinazotofautiana sana ndani ya saa moja. Asubuhi ya Julai kule Marangu, Machame au Kibosho, kioo ni baridi kama chuma. Gari likishafika tambarare na jua la mchana, kioo kinapata joto na kutanuka. Kioo kizima kinastahimili. Kioo chenye nyota kinatanuka bila usawa, na mguu mmoja wa nyota unaanza kutembea, leo sentimita mbili, kesho kumi. Ongeza mashimo ya barabara za vijijini yanayokunja bodi, ongeza maji ya moto ambayo baadhi ya madereva humwaga kuondoa ukungu, na ile alama ndogo inakuwa ufa wa kutoka upande hadi upande. Vumbi na maji vikishaingia, gundi haishiki vizuri hata fundi awe hodari namna gani. Kipande kidogo cha gundi ya karatasi ya kupitisha mwanga, kikibandikwa juu ya tundu siku ile ile, huzuia uchafu hadi fundi apatikane.

Mafundi wenye uzoefu wanafuata vigezo vinavyofanana karibu duniani kote. Alama inayofunikwa na sarafu, iliyo mbali na ukingo na isiyo moja kwa moja mbele ya macho ya dereva, huzibika. Ufa mrefu, au ulioshika ukingo, au uliofika tabaka la ndani, unataka kioo kipya. Mbele ya macho ya dereva hata kitundu kidogo hakifai kuachwa na alama ya gundi, kwa kuwa usiku taa za gari linalokuja hutawanyika hapo. Kwa kampuni ya bima, kuziba ni nafuu mara nyingi kuliko kubadilisha, na ndiyo maana nyingine ulimwenguni hulipia kuziba bila kumkata mteja chochote. Mteja wa Moshi naye ana haki ya kuuliza kama kampuni yake inalipia kuziba, badala ya kusubiri ufa ukue ndipo adai kioo.

Kioo kikibadilishwa, kazi haiishii kwenye kukipachika. Katika magari mengi ya sasa kioo cha mbele kimegandishwa kwenye bodi kwa gundi nzito, na kinasaidia kushikilia paa gari likipinduka. Gundi hiyo inahitaji saa kadhaa kushika. Dereva anayepokea gari na kulikimbiza papo hapo kuwahi mnada ana kioo kinachoonekana kimekaa lakini hakijakaa. Risiti ya fundi itunzwe pamoja na hati ya bima, na pembeni mwa kioo kipya itafutwe chapa inayoonyesha kuwa ni cha tabaka, mara nyingi neno la Kiingereza laminated. Kioo kisicho na chapa hiyo kinaweza kuwa cha bei rahisi kwa sababu ambayo Wafaransa wa mwaka 1903 waliijua vizuri.

Kwa gari kuukuu hesabu ni tofauti. Kampuni nyingi husita kulikatia bima kubwa gari lililochakaa, au hutaka likaguliwe kwanza, na kioo ambacho tayari kina ufa siku ya ukaguzi hakitalipiwa. Mwenye gari la namna hiyo hubaki na njia moja, yaani kuweka akiba yake mwenyewe na kuziba mapema. Kati ya mwaka 1967 na miaka ya 1990, Shirika la Bima la Taifa lilipokuwa peke yake sokoni, mteja hakuwa na pa kulinganisha. Tangu soko lilipofunguliwa kwa sheria ya mwaka 1996 kampuni ni nyingi, zote chini ya usimamizi, na hivi sasa msimamizi ni TIRA, ambako mteja aliyenyimwa haki yake anaweza kupeleka malalamiko.

Katika vijiji vya juu bado zinaonekana Land Rover za zamani zilizotengenezwa Uingereza, zikibeba majani ya ng'ombe, mbao na waombolezaji. Nyingi zimebadilishwa injini, milango na hata rangi zaidi ya mara moja. Lakini kwenye zile ambazo vioo vyake vya kiwandani vimesalimika, ukifuta vumbi kwenye kona ya chini utaona chapa ndogo iliyofifia yenye neno Triplex, jina ambalo mchoraji wa maua alilichagua kwa sababu alihesabu tabaka zikawa tatu.